Ngozi ya Cherehani

Abdalah simpendi, na nalisema mapema. Hakutuibia. Angetuibia ningelala vizuri, maana mwizi unajua pa kuanzia kumlaani.

Siku tuliyoingia dukani kwake pale Kibondo, mdogo wangu Ernesta alikuwa na miezi michache ya ujane. Tulikuwa tumetoka Mabamba kwa miguu, tukiswaga ng'ombe mmoja na ndama wake, urithi wote aliouacha marehemu. Ng'ombe tulimuuza mnadani asubuhi, na fedha yake ikaishia kwenye cherehani ya miguu, nyeusi, inang'aa. Ernesta aliishika kama anavyoshika kichwa cha mtoto wake. Ndama alibaki nje amefungwa kwenye nguzo ya baraza, akilia kumtafuta mama yake.

Cherehani ile haikuwa pambo. Siku ya kumaliza msiba, shemeji yake Reverien, mdogo wa marehemu anayekaa Kasulu, alisimama mbele ya watu akasema watoto ni wa ukoo. Angemwachia Ernesta mpaka shule zifunguliwe mwezi wa kwanza. Akiwakuta Longinus na Daforoza wameshiba na wamevaa, watabaki kwa mama yao. Akiwakuta vinginevyo, anawachukua. Wazee wote wakaitikia.

Bahati ilikuwa moja tu. Mwaka ule wa sabini na saba serikali ilitaka kila mtoto aende shule, na mwalimu mkuu wetu, mtu wa Moshi, alikuwa amemwahidi Ernesta kazi ya kushona sare.

"Dhamana ya kampuni ni miezi sita," Abdalah alisema huku akiifuta mashine vumbi ambalo halikuwepo. "Ila ipo kadi ya dhamana ya nyongeza, ya miaka miwili. Mashine ikifa, unapewa nyingine. Tahadhari kabla ya hatari, mama Longinus."

Fedha ya kulipia hiyo nyongeza hatukuwa nayo. Abdalah akachungulia barazani. Akamwona ndama.

Nilimvuta Ernesta pembeni. "Usikubali. Ndama atakua. Mashine ikileta matata, unamuuza unatengeneza. Hiyo kadi utaikamua maziwa?"

"Dada, ndama anaweza kufa kwa ndigana wiki ijayo. Mimi sina nafasi ya kukosea. Reverien anangoja kosa moja tu."

Mjane mwenye watoto wawili huwezi kumwambia abahatishe. Lakini nilijua kuna jambo jingine lililomvuta. Kwetu Buha, mtu akikugabia ng'ombe, yaani akikupa umfuge, hamwachani tena. Huo ndio ubugabire: wewe unamheshimu, unampelekea pombe na mazao, naye hakuachi uanguke. Ernesta aliposikia "unapewa nyingine," aliona amepata mtu wa kumwegemea. Kuanzia hapo, kila alipovuna alimpelekea Abdalah maharage, na mara moja asali. Abdalah, ambaye kwao ni Pangani, alipokea na kushukuru, akidhani watu wa Mabamba wana ukarimu tu.

Siku ile alimfungua ndama mwenyewe, akampeleka nyuma ya duka. Kisha akatuonyesha lakiri nyekundu iliyofunika skrubu chini ya mashine. "Hapa pasiguswe. Fundi wa mitaani akipachokonoa, dhamana imekufa." Tukaitikia. Nani alikuwa na haja ya fundi?

Miezi sita ya kampuni ikaisha, mashine inakwenda vizuri, nami nikaanza kumtania Ernesta kwamba amempa Abdalah ndama wa bure. Akacheka. Sare zikaanza. Nyumba ikajaa vitambaa vya bluu na vyeupe, na Longinus akawa halali bila kwanza kupima kaptura yake mpya.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshika, mashine ikatoa mlio mmoja mbaya na kusimama. Gurudumu lilizunguka lakini sindano haikushuka. Ernesta alikanyaga, akakanyaga, akakanyaga, mpaka nikamshika goti.

"Imekufa," alisema. Halafu, mtu huyu, akatabasamu. "Lakini ninayo dhamana."

Kuipeleka Kibondo ndiko kulikokuwa na kazi. Barabara ilikuwa matope matupu, malori hayafiki, na kichwa cha cherehani ni chuma ambacho wanawake wawili hawakibebi mwendo wa kutwa nzima. Ernesta hakuhangaika hata kidogo. Ng'ombe uliyegabiwa akifa, mzoga huubebi. Unamchuna, unampelekea aliyekugabia ngozi, aone kwamba kweli amekufa, hukumuuza wala hukumficha. Ngozi ikipokewa, neno limekwisha. Hilo hata mtoto wa Mabamba analijua.

Basi akamwita Kipriani, fundi baiskeli. "Usitengeneze chochote," alimwonya. "Fungua tu, unitolee kilichokufa."

Kipriani akabandua lakiri, akafungua, akatoa chuma cha ndani kinachopandisha na kushusha sindano. Kilikuwa kimekatika vipande viwili. Nilikuwepo. Nilimshikia taa, na sikuona ubaya wowote. Ernesta akavifunga kwenye kitambaa cha bluu pamoja na kadi yake, tukaondoka alfajiri mvua ikitunyeshea.

Abdalah alitukaribisha vizuri, hata akatupa viti. Ernesta akafungua kitambaa juu ya kaunta, akavipanga vile vipande, akarudi nyuma hatua moja kwa adabu kama mtu aliyemaliza wajibu wake.

Abdalah aliviangalia. "Nani amefungua mashine?"

"Fundi baiskeli. Hakutengeneza kitu. Nimekuletea ngozi, mzee."

"Ngozi gani?"

Nikamweleza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, uso unamshuka. "Dada yangu, hii ni mashine, siyo ng'ombe."

"Lakini ulichopokea kilikuwa ndama," Ernesta alisema.

Abdalah akavifunika vile vipande kwa kitambaa. Halafu akasema taratibu kwamba wenye kampuni wako Dar es Salaam, na lakiri ikishavunjwa wao hawamrudishii kitu. Akitoa mashine nyingine, hasara ni yake, na duka lenyewe siku hizi halina mzigo. Alikuwa anasema kweli. Rafu zilikuwa tupu, hata sabuni hakuna. Ila nyuma ya kichwa chake, kwenye msumari, nilikiona chuma kilekile, kipya, bado kina grisi.

"Na kile?" nikauliza.

"Kile ni cha kuuza."

Ndama angekinunua na chenji ikabaki. Ernesta alikuwa amekwisha kukitazama, na hesabu hiyo haihitaji shule. Alipiga magoti pale sakafuni. Mdogo wangu, ambaye hakupiga magoti hata kwa Reverien, alipiga magoti mbele ya kaunta akasema mzee nikopeshe, mzee wanangu, mzee nitakuletea maharage mpaka nife. Abdalah akageuka akaangalia ukuta. Nilimwinua Ernesta kwa nguvu, nami nilikuwa nalia kwa hasira.

Mfa maji haachi kutapatapa. Tulirudi tukashona kwa mkono, mimi na yeye, mpaka vidole vikavimba. Mwalimu mkuu alikuja, akaona sare zilizokamilika ni chache mno, akaomba radhi, akachukua vitambaa vyote akavipeleka kwa mshonaji mwingine. Alichukua na ile kaptura ya Longinus, maana kitambaa kilikuwa cha shule. Na kazi ilipoondoka, chakula kikafuata.

Reverien alifika wiki ya kufungua shule. Sitamsingizia, hakutukana mtu. Aliwatazama watoto, akatazama chungu, akasema, "Shemeji, tulikubaliana. Nitawatunza. Kasulu kuna shule, kuna hospitali. Usiwe na wasiwasi, nakuhakikishia."

Daforoza alimng'ang'ania mama yake kiunoni, ikabidi nimbandue mimi, kidole kimoja kimoja. Ernesta hakulia. Alimvalisha kila mtoto nguo zote alizonazo, moja juu ya nyingine, akawasindikiza mpaka njia panda. Pale akamshika Reverien mkono.

"Shemeji, unanihakikishia?"

"Nakuhakikishia."

"Basi mmoja wao akiumwa, niletee akiwa anapumua. Usije ukaniletea ngozi."