Mafundo ya Melania

Mwalimu Elinipa alikuwa mwanamke wa usafi, na usafi wake ulichosha watu. Siku alipohamia Kigoma kutoka Same kuja kufundisha jiografia, alifagia uwanja wake, akaunganisha na wa jirani, kisha ndiyo akaanza kufungua mizigo. Mtu wa namna hiyo ukimpa kisanduku akitunze, atakipangusa mpaka kibadilike rangi.

Kisanduku alikuwa nacho, cha bati, cha mchezo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliifuata ramani ya simu mpaka chini ya kilima cha Bangwe, wakapanda kwa njia ya miguu huku wakihesabu vitu vitatu: michikichi ya kwenye kona, ngazi za udongo penye mteremko mkali, na mawe makubwa yaliyoegemeana kule juu. Tarakimu hizo tatu ndizo zilizofungua kufuli la kisanduku kilichofichwa chini ya mawe hayo. Ndani mlikuwa na daftari la kuandika jina, pamoja na vikorokoro kama goroli na vifungo vya shati. Ukichukua kimoja, unaacha kingine. Fumbo lilikuwa jepesi kwa makusudi, kwa sababu Elinipa alitaka hata asiyejua kusoma afike mwisho, mradi anajua kuhesabu.

Ngazi zile zilichimbwa na Nikodemu, kibarua kutoka Rumonge, Burundi. Alikiona kisanduku kikiwekwa, akaujaribu mchezo yeye mwenyewe, akacheka sana kufuli lilipofunguka. Kazi ilipokwisha akarudi kwao, na Elinipa akamsahau.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa sita mwaka 2015, Warundi waliokimbia machafuko kwao walikuwa wakishushwa bandarini kila siku, na uwanja wa mpira umejaa watu wanaosubiri mabasi ya kwenda kambini. Asubuhi moja Nikodemu akabisha hodi nyumbani kwa Elinipa, Rusimbi. Alikuwa amekonda, na viatu vyake havikuwa pea moja. Aliamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, akaeleza shida yake bila kuzunguka.

Siku ya kukimbia, familia yake ilitawanyika ufukweni. Mkewe Melania, watoto wao watatu na mama mzazi wa Nikodemu walipandishwa mitumbwi tofauti, kila mtu palipopatikana nafasi. Yeye alibaki nyuma. Lakini kabla ya hapo alikuwa amemweleza Melania habari za kisanduku, maana Melania hakuwahi kukanyaga darasa ila kuhesabu anajua. Walipatana kwamba akifika Kigoma apande Bangwe, aache humo kipande cha kitenge chenye mafundo, fundo moja kwa kila aliyefika hai. Yakiwa matano, Nikodemu apande basi awafuate kambini. Yakipungua, arudi ng'ambo ya ziwa kumtafuta aliyebaki.

"Kuna mtumbwi wa kurudi ng'ambo unaondoka Kibirizi saa nane," alisema. "Nataka kujua kabla haujaondoka, Mama."

Walipanda pamoja. Nikodemu alizungusha tarakimu za kufuli bila kuhesabu chochote, akafungua kamba ya kitambaa iliyozungushiwa kisanduku, akaiweka kando, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na daftari, goroli na vifungo, vyote vimepangwa kwa mstari. Kitenge chenye mafundo hakikuwemo.

Elinipa aliitazama ile kamba iliyowekwa kando, akakumbuka. Wiki tatu zilizopita alikuta kisandukuni kitambaa kimejaa mafundo na mafuta, akadhani ni takataka za watoto. Aliyafungua mafundo, akakifua, akaona kinafaa kufungia kisanduku.

"Nikodemu," alisema, "kitambaa kilikuwemo. Mafundo niliyafungua mimi."

Nikodemu hakumpandishia sauti, na hilo lilimuumiza Elinipa zaidi. Aliuliza tu yalikuwa mangapi. Elinipa hakujua. Yeye aliyewahesabisha watoto wa watu kila mchikichi na kila jiwe, mafundo yale hakuyahesabu.

Nikodemu akakiokota kitambaa, akakinyoosha juu ya goti. Hapo ndipo wote wawili walipoyaona madoa ya rangi ya chungwa, yale ambayo Elinipa aliyasugua kwa sabuni mpaka vidole vikamuuma yasitoke.

"Melania anauza mawese," Nikodemu alisema. "Mikono yake haikauki mafuta. Kila alipokaza fundo, mawese yamebaki."

Akayahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Akakigeuza kitambaa, akaanza upya kutoka upande wa pili. Nne. Akataja polepole jina la mama yake, kisha ya wanawe mmoja mmoja, akalirudia mara mbili la Marcelina, mtoto wa kwanza. Akainuka, akapangusa magoti, akasema itabidi awahi Kibirizi.

Elinipa alikuwa anaangalia ncha ya kitambaa. Ilikuwa imenyooka, imekatwa kwa mkasi. Kitambaa kilikuwa kirefu mno kwa kisanduku, naye hapendi kitu kinachoning'inia. Kwa pumzi moja alitamani ardhi immeze kuliko kusema jambo la pili baada ya lile la kwanza. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zake, zikiwa zimefungwa kwa kipande cha kitenge kilekile.

"Subiri," alisema. "Nilikikata."

Akakifungua kwa meno. Katikati palikuwa na doa ambalo siku zote alilichukulia kuwa uchafu wa mfukoni. Nikodemu alivishika vipande viwili, akavikutanisha palipokatwa, na bawa la ndege aliyechorwa kwenye kitenge likakutana na mwili wake.

"Tano," alisema, akaketi chini akalia. Elinipa naye alilia, kwa aibu na kwa furaha, akaomba msamaha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikodemu aliunganisha vile vipande, akayafunga upya mafundo matano, akavitia mfuko wa shati. Kisha akasema "urakoze, Mama", kama Warundi wanavyoshukuru, akauliza mabasi ya kambini yanaondoka saa ngapi.

Kisanduku bado kipo Bangwe. Elinipa hupanda kila Jumamosi kukiangalia, lakini hapangusi tena. Kila anachokikuta anakiandika kwenye daftari jinsi kilivyo, kisha anakirudisha palepale. Wanafunzi ameshawaonya kwamba goroli na vifungo ni vyao, ila chenye fundo kisiguswe. Humo ndani mna kipande cha kamba chenye mafundo mawili, kimewekwa na mtu asiyemjua mwezi wa saba mwaka uleule, na mpaka leo hakuna aliyekuja kukiulizia.