Msomaji wa Kitengela

Ufunguo wa lango ulining'inia shingoni mwa mzee Githongo kwa kamba ya kiatu, na haukutoka hapo hata akienda kuoga. Mzee alikuwa kipofu. Macho yalimwacha polepole, baada ya miaka mingi ya kazi kwenye stoo ya kiwanda cha saruji. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kupita kiasi. Kufuli likiguswa, hata na upepo, alilisikia akiwa sebuleni.

Ndani ya lango hilo aliishi yeye na Nalianya, msichana wa miaka kumi na minane kutoka Bungoma, aliyeletwa kumpikia na kumsomea gazeti, na aliyemwita guka, yaani babu. Aliyemleta ni Rahab, binti ya mzee, ambaye alifanya kazi Nairobi na kuja Jumamosi tu. Siku ya kwanza Rahab alimwonyesha jiko, tangi la maji na kitanda, kisha akamwambia, "Lango halifunguliwi. Yule wa mwisho aliondoka na televisheni."

Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita. Nalianya alikuwa ameijua Kitengela kwa masikio na pua: kengele za ng'ombe wa Wamaasai wakipelekwa malishoni, ngurumo ya malori ya mawe, vumbi la saruji kwenye nguo alizoanika. Cha kuona kilikuwa ukuta wenye vipande vya chupa juu, na mbingu.

Kila asubuhi saa tatu, Mbugua mwuza magazeti alipitisha gazeti kwenye tundu la lango.

"Hodi kwa wafungwa!" angesema. "Shika la leo, msupa. Habari ni zilezile, ni wenye kula tu wamebadilika."

Nalianya alipokea bila kujibu. Haya hiyo alizaliwa nayo. Hata shuleni, kabla mama yake hajaugua na yeye kuachia masomo darasa la sita, alikuwa analijua jibu na mkono unakataa kupanda.

Mzee hakujali ukurasa wa kwanza. "Hao wataapishwa hata nisiposomewa. Nipeleke kwa barua."

Alimaanisha barua za wasomaji. Mmoja alilalamikia barabara, mwingine makanga wa matatu, mwingine wanafunzi wa siku hizi, na mzee alibishana nao wote kwa kugonga fimbo sakafuni. "Mwongo huyo! Endelea."

Ilianza siku ya mvua. Gazeti lilifika limelowa, ukurasa wa barua umekuwa uji. Nalianya aliogopa kusema. Akashika lile tepetepe mbele ya uso wake, akasoma barua isiyokuwepo.

"Mhariri, hapa Kitengela tumechoka na mifuko ya nailoni. Upepo ukivuma inakuja kukaa kwenye seng'enge kama nguo za mtu asiyejiheshimu. Ng'ombe akila anakufa, na mwenye duka aliyeitoa hajui hata jina la huyo ng'ombe. Ni mimi, Msomaji, Kitengela."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtu ako na kichwa! Rudia hapo pa ng'ombe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nalianya arudie neno lake. Tangu hapo Msomaji wa Kitengela akawa anaandika mara mbili kwa wiki. Aliandika juu ya wahubiri wenye vipaza sauti, juu ya malori ya maji yanayomwaga nusu njiani, juu ya watu wanaojenga ua katikati ya njia ya wenzao. Mengine Nalianya aliyasikia kwa Mbugua, mengine aliyasikia juu ya ukuta. Yote yalikuwa yamemkaa kooni, na sasa yalikuwa yamepata mdomo.

Kisha ikaja Januari ya mwaka wa 2003, na Mbugua akainama kwenye tundu.

"Umesikia? Shule ni bure. Pale nyuma ya soko wameanza darasa la wakubwa, saa nane mpaka saa kumi. Kuna mama ako na wajukuu watatu, amejiandikisha. Lakini kesho kutwa, Ijumaa, wanafunga kitabu. Na ni lazima uende mwenyewe."

"Mimi siwezi kutoka," Nalianya akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumpa.

Mbugua akatazama kufuli. "Si umwambie mzee?"

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, kwani uko na kingine?"

Alikuwa nacho. Usiku ule aliipanga barua kichwani, na Alhamisi asubuhi akaisoma kutoka kwenye gazeti lisilokuwa nayo.

"Mhariri, kuna jambo linanikera. Katika mitaa yetu mipya, watu wanafungia wasichana wa kazi ndani kama kuku. Moto ukiwaka jikoni, huyo atatokea wapi? Serikali imefungua shule, lakini lango la nyumbani litafunguliwa na nani? Msichana akienda darasani kuanzia saa nane mpaka saa kumi, hajaiba kitu. Ni mimi, Msomaji, Kitengela."

Fimbo haikugonga.

"Amekosea," mzee akasema. "Leo huyu mtu amekosea."

"Labda, guka—"

"Labda nini? Anajua nini yeye? Yule wa mwisho aliniacha nimekaa hapa redio ikiongea, nikidhani yuko jikoni. Mpaka jioni nilikuwa namwita. Televisheni ni ya nini kwangu mimi?" Akanyoosha mkono. "Lete karatasi. Nitamjibu."

Nalianya aliandika alivyoambiwa. "Mhariri, Msomaji wa Kitengela hajui analosema. Lango halifungwi kwa chuki. Linafungwa kwa sababu kipofu akiachwa hana wa kumwita. Anayetaka lifunguliwe, aje kwanza akae kwenye giza langu siku moja." Mzee akatia sahihi yake, iliyopanda mlima na kushuka.

"Hii iende leo."

"Nimpe Mbugua kesho?"

"Mbugua ataisomea soko lote kabla ya saa sita. Itaenda posta. Utaipeleka wewe." Akavua kamba ya kiatu shingoni, taratibu, kama mtu anayevua bendeji. "Ufunge kwa nje, kuna wezi. Na usikawie."

Nje kulikuwa na upepo mwingi kuliko alivyokumbuka. Miguu haikumpeleka posta kwanza. Ilimpeleka nyuma ya soko, kwenye foleni ya watu wazima walioona haya kama yeye, na foleni hiyo ikasonga kama konokono.

"Jina?" mwalimu akauliza. "Dada, jina lako, ama umetumwa?"

"Nalianya."

"Uliachia wapi?"

"La sita."

"Jumatatu, saa nane. Anayefuata!"

Basi ilikuwa hivyo tu. Mbele ya sanduku la posta alisita, barua mkononi. Angeweza kuichana. Lakini ilikuwa barua nzuri, na hakukuwa na uongo ndani yake. Akaitumbukiza.

Saa saba ilikuwa imepita alipofika nyumbani. Kwenye tundu la gazeti aliona vidole vinne vimejitokeza, vimeshika bati.

"Nali? Ni wewe?" Sauti ya mzee ilikuwa imekauka.

"Ni mimi, guka."

"Nimeita mpaka nimechoka. Kitu kinaungua."

Ufunguo ulimteleza mara mbili kabla ya lango kufunguka. Jikoni moshi ulikuwa umejaa. Sufuria ya maharagwe aliyoisahau juu ya makaa ilikuwa imegeuka mkaa yenyewe. Hakuna kingine kilichoungua. Alipotoka, mzee alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye lango, goti limechubuka.

"Lilikuwa limefungwa," akasema, kama mtu anayetoa habari ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia.

"Guka, mimi nilienda—"

"Posta," akamkatiza. Akavuta hewa kwa pua. "Posta ya siku hizi inanuka chaki."

Akanyoosha mkono. Nalianya akamrudishia ufunguo, na ukarudi shingoni. Kufuli likalia kama siku zote.

Ijumaa asubuhi Nalianya alifungua ukurasa wa barua.

"Yule wa Kitengela ameandika?"

"Leo hajaandika, guka."

"Na yangu?"

"Bado haijafika."

"Ikitoka, usinisomee." Fimbo ikachora kitu sakafuni. "Jumatatu nitakuwa na barua nyingine. Ya saa nane. Jumanne pia, nadhani. Niko na mengi ya kusema. Rahab akiuliza, utamwambia ni barua zangu."

Nalianya hakuthubutu kuinua kichwa. "Na lango?"

"Utaliegesha tu." Mkono wa mzee ulikuwa umeikamata ile kamba shingoni, haujaiachilia. "Lakini utarudi."

Hakuuliza, na wala hakuamuru. Nalianya akakitazama kile kidonda gotini, kikiwa kimeanza kukauka.

"Nitarudi, guka."

Nje upepo uligusa kufuli, na wote wawili wakageuza vichwa.