Usiogope Mia Tatu na Sitini na Tano

Jumapili, tarehe 6 Julai 2025. Asubuhi Makambako baridi ilikuwa kali, upepo ulivuma tangu alfajiri, na maji ya kunawia niliyoyaacha nje yalikuwa na ganda jembamba la barafu. Nilisali ibada ya kwanza. Kisha mimi na Mwinjilisti Enoki tukapanda gari kwenda Njombe, kwa wifi yangu Idda, kumweleza kwamba neno nililomwahidi halimo katika Biblia.

Jina langu ni Telesia. Ni fundi cherehani na nina miaka hamsini na minne. Niliacha shule darasa la nne, na mwaka juzi, baada ya kuomba sana, nilijiandikisha masomo ya jioni. Tunaanza saa kumi na moja, katika chumba tunachoazimwa na shule ya msingi, na madawati yake ni ya watoto. Mwalimu wetu Jastin ana umri wa mwanangu wa pili. Ananiita Mama, nami namwita Mwalimu.

Mwaka huo huo nilinunua stendi kijitabu cha mambo elfu moja ambayo watu wengi hawayajui. Hakikuwa na jina la mwandishi wala mwaka. Nilikipenda kuliko vitabu vyote vya darasani. Somo la historia unaweza kulisoma mwezi mzima usifike mwisho wake, lakini jambo moja la kijitabu linaisha kabla uzi haujakwisha kwenye bobini. Unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu, na hakuna anayekuuliza swali la pili. Nilikuwa nasoma mambo matano kila asubuhi baada ya sala, na nilitembea siku nzima nikijiona mtu aliyesoma.

Jambo la 412 lilisema hivi: neno "Usiogope" limeandikwa katika Biblia mara mia tatu na sitini na tano, moja kwa kila siku ya mwaka.

Niliposoma hapo nilipiga magoti palepale kwenye vitambaa. Jumatano nikalisema kwenye kikundi cha akina mama. Jumapili iliyofuata Mwinjilisti Enoki akalihubiri, kwa sababu mkewe alikuwa kikundini. Nami nikaliamini zaidi, maana sasa nilikuwa nimelisikia kanisani.

Watu wakaanza kuja dukani kwangu ninakoshonea kuuliza "Usiogope" ya siku yao ya kuzaliwa. Niliwaambia nitawatafutia. Nilichora daftari lenye mistari mia tatu na sitini na tano, nikaandika majina yao kwenye tarehe zao. Hapo nikapata shida ya kwanza. Miaka ya nyuma karani mmoja alipanga upya daftari la washarika wetu, na kila mzee ambaye hakujua tarehe yake alimwandikia tarehe 1 Julai. Kati ya watu arobaini na mmoja walioniletea majina, kumi na tisa walizaliwa siku hiyo. Nikaona ni wengi, lakini neno la Mungu linatosha watu wengi.

Wifi yangu Idda hakuuliza siku ya kuzaliwa. Idda ni mke wa kaka yangu Obed. Ana rovu, uvimbe wa shingoni, na umekua hadi analala ameketi. Mara mbili amepangiwa upasuaji hospitali ya Ilembula, na mara mbili ametoroka wodini na kanga yake kabla ya siku. Anaimba sauti ya pili katika kwaya yao, na anaogopa kisu kitachukua sauti. Mwezi wa sita alipangiwa tena, Jumanne tarehe 15 Julai. Akanipigia simu.

"Wifi, hiyo ya tarehe kumi na tano mwezi wa saba inasemaje?"

"Nitakutafutia."

"Lakini ipo?"

"Ipo. Kila siku ina yake."

"Basi safari hii nitakwenda," akasema. "Kama Mungu ameiandikia siku hiyo, siwezi kumkimbia na kanga."

Jioni ile nilimwambia Mwalimu Jastin habari hizo njema. Alifuta ubao kwanza.

"Mama, umezihesabu?"

"Imeandikwa, Mwalimu."

"Aliyeandika alizihesabu?"

Sikulipenda swali hilo. Nilikwenda nalo nyumbani, nikaliombea, na halikuondoka. Kesho yake nikaanza kuhesabu, kutoka Mwanzo kumi na tano, Bwana anapomwambia Abramu asiogope. Nilihesabu siku kumi na nane, cherehani ikiwa imefunikwa. Nilihesabu "usiogope" na "msiogope". Nilihesabu hata pale ambapo anayesema si Mungu bali mtu anamfariji mwenzake. Nilipofika Ufunuo, Biblia ikaisha, na daftari langu lilikuwa tarehe 4 Mei. Nilikuwa na mia moja ishirini na nne. Mwalimu naye alijaribu, akapata mia moja kumi na tisa. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba mwaka haukujaa.

Tarehe 1 Julai ilikuwa tupu, na wale wazee wangu kumi na tisa hawakuwa na neno. Tarehe 15 Julai ilikuwa tupu.

Nilifikiri kumpa Idda mojawapo ya zile nilizopata na kuiita ya siku yake. Asingejua. Nilikaa na wazo hilo kwa siku tatu za maombi, na kila nilipofumba macho nilimwona ananiuliza, "Lakini ipo?"

Ndipo nikamwendea Mwinjilisti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimeshalihubiri mara tatu," akasema.

"Najua, Mwinjilisti."

"Ya tatu ilikuwa msibani." Akahesabu miezi kwa vidole. "Marehemu alifariki mwezi wa kumi."

Tulifika kwa Obed saa saba mchana. Kulikuwa na ibada ya nyumbani ya kumwombea Idda. Akina mama wanne wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na Mzee Manase, mzee wa kanisa, kwenye kiti. Idda alikuwa amejifunga kitenge kipya. Sinia la viazi lilikuwa katikati.

"Kamwene, wifi," akanisalimu. "Umeniletea neno langu? Au umelishona kwanza, tulingoje hadi Krismasi kama gauni langu?"

Wakacheka. Mimi nilibaki nimesimama.

"Wifi, sina neno la tarehe kumi na tano."

"Umelisahau nyumbani?"

"Halipo. Nimehesabu Biblia yote. Zipo mia moja na ishirini na kitu. Nilikuambia kitu ambacho sikukihesabu."

Hakuna aliyeondoa mkono kwenye sinia wala aliyechukua kiazi. Mama mmoja aliuliza zinaishia tarehe gani. Nikasema tarehe nne mwezi wa tano.

"Mimi nilizaliwa Novemba," akasema Mzee Manase. "Kwa hiyo sisi wa Novemba tuogope?"

"Hapana, Mzee," akasema Mwinjilisti. "Hesabu ndiyo iliyokosewa. Mungu hakukosea. Na mimi niliihubiri, naomba mnisamehe."

"Wewe tutakusamehe Jumapili ijayo," akasema Idda. "Huyu kwanza."

Obed alijaribu kusaidia. "Dada, si ungenyamaza tu mpaka tarehe kumi na sita? Angekwishapasuliwa."

"Nilifikiri hivyo."

"Ukashindwa na nini?"

"Aliniuliza kama ipo."

Idda alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mtungi usimwagike. Aliongea polepole, kwa ile pumzi fupi ya miezi hii.

"Obed aliniambia upasuaji hauumi. Obed hajapasuliwa hata jipu. Mama huyu hapa aliniambia kuna mwanamke wa Matembwe alitolewa rovu asubuhi, jioni akapika. Nikamuuliza jina lake, hakulijua. Aliambiwa na mtu sokoni. Wewe ukanipa mia tatu na sitini na tano. Nikasema angalau hii ina hesabu." Akapumua. "Kila mtu ananiletea kitu kizuri. Hakuna aliyekwenda kuuliza."

Mama aliyetajwa alitazama mkeka.

"Sasa utakwenda?" akauliza Obed.

"Usiniulize hilo. Sijui. Jana nilijua, leo sijui." Akanigeukia. "Wewe si unasoma? Daftari unalo?"

Nilikuwa nalo. Akaniambia nifungue ukurasa mpya na niandike anavyosema. La kwanza: katika wale waliotolewa rovu na daktari huyo, ni wangapi sauti zao zilibaki, na ni wangapi zilipotea. La pili: mtu akibaki na uvimbe kama huu, nini humpata. La tatu: yeye Idda, kwa shingo yake hii, ataimba?

"Mimi daktari nikimwuliza, nikiona koti jeupe, sisikii jibu," akasema. "Nasikia moyo tu. Nenda wewe. Uandike kama anavyosema. Ukiongeza utamu hata kidogo, nitakujua, nakujua tangu hujajua kutia uzi kwenye sindano."

"Na kama jibu la tatu ni baya?" akauliza Mwinjilisti.

"Nataka hilo hilo baya. Nikishalisikia nitaomba, halafu nitawaambia kama ninakwenda."

Mzee Manase akasema jambo kama hili haliwezi kuachwa hivi, maana mimi nimeshaahidi mara moja na kila mtu ameona. Akaniambia niahidi upya, kwa sauti, wote wasikie. Wanawake wakasimama. Obed akavua kofia. Idda hakusimama, lakini aliachia shingo yake na kuweka mikono mapajani.

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo anipe maneno machache. Kisha nikasema:

"Mimi Telesia, mbele za Mungu na mbele yenu ninyi mliopo hapa, naahidi. Kesho Jumatatu, hata kama ni Sabasaba, nitakwenda Ilembula. Nitamuuliza daktari maswali haya matatu, na asipokuwepo nitamngoja. Nitaandika anavyojibu. Kesho kutwa nitakuja hapa nimsomee wifi yangu Idda, liwe jema au baya, na pale daktari atakaposema hajui, nitasoma kwamba hajui."