Viazi vya Marehemu Baldomero

Watu wa Quilmahue hawana ugomvi na maiti. Ukifa leo, jioni wamejaa jikoni kwako, hata yule mliyenuniana miaka, na tangu maziko watarudi jioni tisa mfululizo kukusalia rozari bila mtu kuwaita. Viazi ni habari nyingine. Kwa viazi lazima uwaite, na kuwaita kwenyewe kuna taratibu zake: unakwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu yako, unavua kofia, unamtaja mtu kwa jina lake, unamwambia siku, naye anakujibu nitakuja au siji. Hiyo ndiyo minga, msaragambo wa kisiwa chetu. Asiyeombwa haji. Akija bila kuombwa ni kama amekuambia usoni kwamba shamba limekushinda.

Basi Herminda Millalonco alipata maiti na viazi kwa mpigo mmoja. Mumewe, Baldomero Paillacar, alianguka shambani Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nne, jembe mkononi, hajamaliza hata tuta la pili. Moyo ulisimama, basi. Alhamisi wakamzika, na shamba lote likabaki vilevile, viazi chini. Mwezi wa nne kwetu ni vuli, mlango wa majira ya baridi, matufaha yanajidondokea yenyewe na kila mtu ana jicho moja kwenye upepo. Upepo ukishageuka ukaanza kutoka kaskazini, mvua haina simile, na kiazi kinaozea humohumo ardhini. Wenye kujua hali ya hewa walisema utageuka Jumamosi ya wiki inayofuata. Na mjane, kwa desturi yetu, havuki lango la uani mpaka zile siku tisa ziishe.

Angeweza kukosa vyote, lakini si viazi vile. Ndivyo chakula chake cha majira ya baridi na ndivyo mbegu ya mwakani. Mwanawe Nelson, aliyekuja kuzika, alikuwa ameshasema yake. Alifanya kazi kwenye mabwawa ya samaki karibu na Puerto Montt, mji wa ng'ambo, bara, na aliona mama hana sababu ya kubaki kisiwani peke yake na mbwa mmoja. Viazi vikioza, sababu ya mwisho nayo ingekwisha. Herminda aliwahi kukaa huko wiki mbili, ghorofa ya tatu, kwa mkwe anayenunua viazi vilivyokwisha kumenywa. Alirudi amekonda.

Siku ya tatu Nelson akaona anasubiri nini. Akachukua simu, akaandika kwenye kundi la kigango: minga ya viazi kesho kwa mama, karibuni nyote. Watu kumi na tisa walimjibu, kila mmoja kwa kile kipicha cha mikono inayosali. Kesho yake hakutokea hata paka. Nelson alisimama shambani na jaketi lake la mjini tangu asubuhi hadi saa tano, akichungulia barabarani, na mama yake akamtazama kupitia dirishani asijue acheke au alie.

"Umewaalika kama harusi," alimwambia aliporudi ndani. "Hukumwomba mtu hata mmoja."

Jioni ile, sala ilipokwisha, Herminda alimvuta kando Eudocia Naín, fiskali wa kigango. Kwa wasiojua, fiskali ndiye mwenye kigango pale ambapo padre anafika mara mbili kwa mwaka: ndiye anaongoza sala, ndiye anazika, ndiye anabatiza mtoto aliyezaliwa mahututi. Eudocia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, na alikuwa amesoma darasa moja na Herminda. Herminda alimwomba azunguke nyumba kwa niaba yake, maana yeye amefungwa ndani na desturi. Alidhani hilo ni dogo.

Eudocia alikataa. Alisema akizunguka yeye, watu watakuja kwa heshima ya kigango, watachimba, watakula, na kinyongo walichonacho na nyumba hii watarudi nacho kwao hakijaguswa. Kisha akasema jambo ambalo Herminda alikuwa analijua tangu mwanzo, ila alitaka kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine: kwamba wote wanamwangalia Erasmo. Wakimwona Erasmo Guenteo shambani, wataingia. Wasipomwona, hawaingii, na wala si kwamba wanamchukia mjane. Isitoshe Erasmo ndiye mwenye maksai waliobaki upande huu wa kisiwa. Bila maksai wa kupasua matuta, hata watu ishirini wasingemaliza shamba lile kwa siku moja.

Hapo ndipo palipouma. Miaka minne nyuma Erasmo aliitisha minga ya kuezeka ghala lake la nyasi. Kuezeka kwetu ni kwa vigae vya mbao, na fundi wa vigae alikuwa mmoja tu, Baldomero. Erasmo alimwomba mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, na Baldomero akajibu nitakuja. Siku ilipofika watu wakalivua ghala paa la zamani, wakamngoja fundi. Walimngoja mpaka adhuhuri. Hakwenda. Mvua ikanyesha siku tatu juu ya nyasi, nyasi zikaoza, na Erasmo akawauza ng'ombe wanne kabla hawajamfia kwa njaa. Alipokuja kuuliza, Baldomero alimjibu neno moja tu, kwamba alikuwa na kazi zake. Tangu hapo hakuna aliyemwita Baldomero kwenye minga yoyote, naye hakumwita mtu. Kanisani akahamia benchi la nyuma. Vuli nne mfululizo yeye na mkewe walichimba viazi vyao wawili tu, wiki tatu nzima, migongo inawaka moto.

Erasmo alikuja kwenye sala, ndiyo. Maiti ni maiti. Kila jioni alisimama karibu na mlango, akaitikia litania yote, na mshumaa ukizimwa tu akavaa kofia akaondoka. Wenzake walibaki wakala supu ya kondoo na mikate ya viazi ya kukaanga. Yeye hakugusa kijiko. Herminda aliliona hilo jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kila mara alisema moyoni kwamba ana haki. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba haki ile ilikuwa imebebeshwa mtu ambaye sasa yuko kaburini na hawezi kujitetea.

Jioni ya saba, Jumatano, wakasali kama kawaida. Eudocia alipozima mshumaa, Herminda alikuwa ameshasimama mlangoni, sahani ya supu mikononi, na Erasmo akakuta njia imezibwa.

"Subiri kidogo, Erasmo. Usitoke kwanza."

"Nipishe, shemeji," alisema Erasmo kwa upole. "Maksai wangu hawajanywa maji."

"Baldomero hakukukosea," akasema Herminda, na hakupunguza sauti ingawa jikoni mlikuwa na watu zaidi ya ishirini. "Siku ile ngazi ilikuwa imeshatoka nje na nyundo ipo kiunoni. Mimi ndiye niliyemzuia."

Waliokwisha kupakuliwa supu wakashusha vijiko. Nelson, aliyekuwa anapita na mikate, alisimama palepale.

Herminda aliendelea, maana angenyamaza asingeanza tena. Kwenye minga mwanamume anaombwa kwa ajili ya kazi na mwanamke anaombwa kwa ajili ya jikoni, kila mtu kwa jina lake, hakuna kumwomba mmoja ukadhani umewaomba wawili. Erasmo alimwomba Baldomero. Mkewe, Delfina, aliwaomba wanawake wa upande ule, mmoja mmoja, akampita Herminda. Herminda alingoja siku tano mlango ubishwe, haukubishwa. Asubuhi ya minga hasira zikampanda kichwani.

"Nilimwambia, ukienda kwa watu wanaoniona mimi si mtu, usirudi hapa. Akaweka nyundo chini. Hakubishana nami hata kidogo."

Erasmo aligeuka akamkabili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, uso umekauka kwa chumvi na upepo, na hakuwa mtu wa maneno mengi hata siku zake nzuri.

"Delfina alikuwa hawezi kutembea, shemeji. Aliwaomba kutoka kitandani. Aliwaomba waliokuja kumtazama."

"Nilijua baadaye."

"Hukuja kumtazama."

"Sikuja. Nilisikia ana mafua. Alipokufa ndipo nikajua, na nikaona aibu, nikakaa kimya. Baldomero naye akakaa kimya, kwa ajili yangu. Miaka minne amekalia benchi la nyuma kwa kosa langu, na mimi nakaa naye hapohapo najifanya simwoni."

Alikuwa na huzuni na alikuwa na haya, na alitamani sana akapige magoti nyuma ya jiko asionekane. Lakini alikuwa bado hajasema lile la kusema. Akavuta pumzi, akamtaja kwa jina lake lote kama inavyopasa.

"Erasmo Guenteo, nakuomba. Ijumaa, viazi. Wewe na maksai wako."

"Kwako siji," alisema Erasmo.

Mtu mmoja aliguna. Eudocia alianza kusema kitu, Erasmo akainua mkono. Alikuwa ameshavaa kofia yake, na sasa akaivua tena, akaitazama, akaigeuza mkononi.

"Nitakuja kwa Baldomero. Yeye ni maiti. Kwa maiti sihitaji kuombwa."

Akapita, sahani akaiacha mikononi mwa mjane.

Herminda aliiweka sahani mezani. Kisha alizunguka jikoni akamwomba kila mtu kwa jina, mwanamume kwa shamba, mwanamke kwa jikoni, bila kumruka mtu, hata bibi kizee wa akina Colivoro ambaye hawezi kumenya chochote tena. Mmoja mmoja walimjibu nitakuja. Bibi Colivoro alijibu kwamba atakuja kusimamia, maana vijana wa siku hizi wanatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Ndipo watu wakacheka kidogo na vijiko vikarudi kazini.

Ijumaa kulipopambazuka maksai walikuwa langoni. Erasmo hakusalimia kwa kirefu. Alipasua matuta moja baada ya jingine, na watu wakamfuata nyuma wakiokota kwenye vikapu, viazi vyekundu, vyeupe, na vile vyeusi virefu ambavyo Baldomero alivipenda kuliko vyote. Nelson alitupa jaketi juu ya ua akaokota na wenzake, na wakamtania mchana kutwa kwa kipicha chake cha mikono ya kusali. Saa tisa shamba likawa tupu. Vikapu themanini na viwili viliingia stoo. Wote wakaingia kula. Erasmo alibaki nje akiwapangusa maksai migongo, kisha akawafungulia lango akaenda zake. Hakuna aliyemwita. Herminda alisimama dirishani akamwona akiondoka, na furaha ya viazi ikamwia nusu.

Jioni ilikuwa ya tisa, ya kumaliza. Walisali rozari kamili, Eudocia akamwombea Baldomero raha ya milele, na desturi ikamwachilia mjane. Mshumaa ulipozimwa watu waligeuka kumtazama Erasmo, kwa mazoea tu, waone mgongo wake ukitoka. Erasmo hakutoka. Alivuka jikoni mpaka alipokaa Herminda, kofia mkononi.

"Herminda Millalonco, nimekuja kukuomba. Jumatatu nakamua matufaha. Wewe, jikoni."

Herminda alisimama.

"Nitakuja."

"Baldomero naye alisema hivyo."

"Nitakuja, Erasmo."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka bila kula.

Jumamosi upepo uligeuka. Mvua ikaanza, na Jumatatu alfajiri ilikuwa bado inamwagika. Boti ya Puerto Montt ilikuwa inaondoka saa mbili asubuhi, na Nelson alikuwa ameshafunga begi. Alimwambia mama yake bado kuna nafasi, abadili mawazo, viazi vinaweza kusafirishwa. Herminda alimfungashia gunia zima, akamfunga kitambaa shingoni kama mtoto mdogo, akambusu hapo hapo mlangoni. Alisema gatini hafiki, ana kazi ya watu.

Alipanda mlima wa kwa Erasmo na mvua yake, koti la marehemu mabegani. Alifika kabla ya wote. Jiko lilikuwa baridi, mambo ya nyumba ya mwanamume peke yake, majivu ya juzi na sufuria moja. Akalisafisha, akawasha moto, akaanza kukuna viazi vya mikate. Wanawake wengine walifika mmoja mmoja, wakamkuta ameshajaza beseni. Nje wanaume waliyaponda matufaha kwa fimbo ndefu chini ya paa, na harufu yake ikaingia mpaka ndani. Saa mbili honi ya boti ilisikika kutoka gatini. Wanawake walimtazama. Hakunyanyua kichwa.

Mchana Erasmo aliingia akiwa ametangulia wenzake, mikono inanata maji ya matufaha. Akanawa kwenye ndoo, akavuta benchi, akakaa mezani. Alitazama sufuria, akatazama nani kashika upawa.

"Nipakulie, shemeji," alisema.

Akampakulia.