Mume wa Bei Mbaya

Kwetu Mithila, kusini mwa Nepal, anayenunuliwa ni mume, na dada yangu Ranju alikuwa ametafutiwa wa bei mbaya: karani wa serikali, uso kama kibuyu, lakini ana pensheni. Baba wa huyo karani, mzee Jagdish, alikuja kwetu kula samaki na kutangaza kwamba hataki kitu.

"Kitu gani tena?" alisema, akichokonoa mwiba menoni. "Binti yenu ndiyo mali. Ila kijana anakwenda kazini kwa miguu. Watu wanatucheka."

"Pikipiki ipo," baba akadakia, akaninyooshea kidole. "Huyu Sanjiv anakwenda Katar kufanya kibarua."

Ndiyo kwanza nasikia! Nimefaulu mtihani wa darasa la kumi, nasubiri chuo cha ufundi cha Janakpur. Nikamtazama mama. Akainamia sufuria.

Sasa, harusini kwetu wanawake huwaimbia wakwe matusi wakiwa wanakula, na anayetukanwa sharti acheke. Mdomo ukaniwasha. Nikaimba kwa sauti ya shangazi:

"Mkwe kaleta dume mnadani, halina pembe, halina mkia! Liuze mguu mmoja, linunue pikipiki!"

Lakini matusi yale ni ya wanawake, tena mambo yakishakamilika. Mimi dume zima nimeyatoa kabla ya posa kufungwa.

Mzee Jagdish akasukuma sahani, akamgeukia baba. "Bechan, huyu umemfundisha kubweka?"

"Nisamehe, mkwe. Mpumbavu huyu."

"Sijawa mkwe wako bado. Ile pikipiki ndogo basi tena. Nataka kubwa. Na friji."

"Sawa," baba akasema.

"Baba! Hiyo si miaka minne jangwani?"

"Ilikuwa miwili. Hiyo mingine umejinunulia kwa domo lako."

Ranju akatokea jikoni, macho mekundu. Nikamshika mkono. "Dada, sema basi. Sema humtaki."

"Simtaki," akanijibu kwa kunong'ona, akiuchomoa mkono. "Mwakani natimiza ishirini na nne. Atakayekuja atataka gari. Utamlipa kwa nyimbo?"

"Ranju..."

"Baba amenitafutia miaka mitatu. Wewe umetaka kuniharibia kwa ubeti mmoja. Nenda huko, Sanjiv. Nenda ukawachekeshe ngamia."

Akajifunika ushungi, akapiga magoti mbele ya mzee Jagdish, akamwongezea wali.