Mpaka Inspekta Arudi

Kinyozi jirani yangu akitaka kunitia wazimu, anajua pa kunishika. Anasimama mlangoni kwangu na taulo begani, anakohoa kidogo, halafu anaanza: "Dada fundi, yaani jana kwenye ile tamthilia ya mazombi, yule mama mwenye shoka..." Hapo nakanyaga cherehani mpaka meza inatetemeka. Nashona hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano. Anacheka mpaka anajishika kiuno, kisha anarudi kwa wateja wake.

Anajua vizuri kwamba mimi na mdogo wangu tuna agano. Msimu wa mwisho wa ile tamthilia hautazamwi mpaka arudi. Tutaukalia pamoja, kochi moja, blanketi moja, yeye kulia mimi kushoto kama siku zote. Mdogo wangu yuko nchi ya mbali, anatunza wazee kwenye makao yao, kwa mkataba wa miaka miwili. Siku nilipomsindikiza uwanja wa ndege, badala ya kuniambia nijitunze kama wanavyosema watu wengine, alininyooshea kidole: "Dada, ukiutazama bila mimi, nitajua." Nikamjibu, "Na wewe ukiutazama bila mimi, nitajua kabla hujamaliza." Tukacheka huku tunalia, watu wenye mabegi wakawa wanatupita pembeni.

Namwita Inspekta. Jina hilo nilimpa zamani tulipokuwa tunatazama tamthilia za upelelezi, kwa sababu muuaji hamponyoki. Sehemu ya kwanza tu, hata maiti haijapoa, ameshakaa sawa: "Dada, mtazame yule mzee mpole aliyeleta maji ya kunywa. Mwigizaji mkubwa vile hawezi kuitwa kuja kumimina maji. Ndiye." Na kweli, mwishoni mzee mpole anatolewa na pingu. Mimi hasira zangu zilikuwa kwa mpelelezi mwenyewe. Kwa nini kila mpelelezi lazima awe ameachwa na mke, hanyoi ndevu, kahawa yake imepoa, na bosi wake amemnyang'anya kesi? Hakuna hata mmoja mwenye ndoa nzuri na shati lililopigwa pasi? Inspekta alikuwa ananiuliza, "Sasa wewe umekuja kutazama maiti au shati?" Shati, mwanangu. Mimi ni fundi, natazama shati.

Lakini kwenye mazombi ndiko nilikokuwa nachemka kabisa. Dunia imekwisha, maduka yameporwa, watu wanalala vichakani msimu baada ya msimu, na suruali ya kiongozi wao haijafumuka hata pindo! Nani anawashonea? Wana daktari, wana mwanajeshi, wana fundi wa magari, cherehani hakuna. Na zombi lenyewe linajikokota, mguu umevunjika, linanuka mpaka mtaa wa pili, linakoroma, na bado mtu mzima mwenye bunduki anashtukia liko mgongoni kwake. Hasikii? Hana pua? Nilikuwa nasimama kabisa, nairushia televisheni mto. Inspekta anauokota, ananirudishia, anasema, "Kaa chini, dada. Wenzio wanakufa."

Tuliipenda lakini. Tungeichambuaje hivyo kama hatuipendi? Yule mama mwenye shoka alipomzika mwanawe kwa mikono, hatukuinuka mpaka majina ya waigizaji yakaisha, na chakula jikoni kikaungua.

Inspekta alikuwa na adui wake mle ndani, yule mwalimu. Mwanamume mwembamba, mwoga, ambaye huko nyuma aliwahi kufunga lango wenzake wakiwa bado nje. Alimchukia kwa roho yake yote. Kila akitokea: "Huyo! Huyo atawauza wote, mtanikumbuka!" Hata Inspekta alipokuwa ameshakwenda huko mbali, nikimsikia kwenye simu amechoka, nilimtaja tu mwalimu. Basi! Alikuwa anamporomoshea maneno mpaka mmoja wa wazee anaowatunza anauliza kulikoni.

Miaka miwili ni mirefu, asikudanganye mtu. Nilikuwa na hamu naye, hamu ya kukaa kifuani kama chakula kilichokataa kushuka. Nilijaribu kutazama tamthilia nyingine za upelelezi peke yangu. Nikawa nakosea muuaji kila mara, halafu nageuka upande wa kulia kumwambia mtu, nakuta kochi tu. Nikaacha. Jioni nilikuwa nasikiliza redio, habari za mvua na bei ya mafuta, na kwenda kulala mapema kama mgonjwa.

Msimu wa mwisho ulipotoka, mji mzima ukawa adui yangu. Foleni ya benki wanauzungumza. Muuza mboga anausimulia huku anafunga mchicha. Siku moja nilikuwa nampima bibi harusi kiunoni, pini zimejaa mdomoni, naye yuko kwenye simu na shoga yake: "Shoga, nililia! Pale darajani, pale mwalimu..." Nikamdunga. Akaruka huyo! Nikasema samahani mama, mkono umeteleza. Mkono haukuteleza hata kidogo. Gauni lake nililimalizia kwa uangalifu kuliko magauni yote ya mwaka ule, kwa sababu moyo ulinisuta, lakini nilichokisikia nilikifukuza kichwani hapohapo, na nilihakikisha hakirudi.

Mwezi wa mwisho wa mkataba ulipokaribia nikaanza maandalizi. Kochi nilibadilisha kitambaa, nikaweka cha rangi ya udongo, kinachoficha madoa, maana Inspekta akishtuka anamwaga chochote alichoshika. Godoro lake nililianika. Nilimwambia kinyozi, "Wewe cheka tu. Mwezi ujao utakuta duka limefungwa siku mbili, na usije kugonga." Akasema, "Dada fundi, ukishamaliza tu uje tuzungumze, mwenzio nimevimba hapa." Hata yeye nilimwonea huruma.

Basi Jumapili moja mchana Inspekta akapiga, simu ya picha. Nilikuwa sebuleni nashonea zipu foronya za mito. Nikamwonyesha kochi. Akasema zuri, dada, zuri sana. Nikaona macho yake yamevimba kidogo, nikasema labda ni zamu za kazi. Nikafanya kama siku zote. "Haya, jitayarishe," nikamwambia. "Mwezi ujao tunakwenda kumwona mwalimu wako mwoga akiwauza wenzake."

Akatabasamu kidogo, akatazama pembeni. "Ah, maskini," akasema. "Mtu mwema tu yule."

Sindano ikasimama mkononi. Mtu mwema! Mwalimu! Inspekta niliyemlea mimi, asiyesamehe hata muuza duka aliyewahi kumrudishia chenji pungufu, leo anamwonea huruma mwalimu aliyefunga lango? Katika misimu yote tuliyotazama, hakuna mahali hata pamoja palipomfanya mtu amwite yule mwema. Kama ipo sababu, iko kwenye msimu ambao hatujautazama.

"Umesemaje?" nikauliza.

"Nini?"

"Mwalimu. Ni mtu wa namna gani?"

"Ah, dada, nasema tu."

"Inspekta. Umeutazama."

Kwenye tamthilia hapa ndipo mshukiwa anaomba maji. Yeye aliuma tu kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kikombe.

"Sehemu ngapi?"

"Zote."

Jamani, nilifoka! Nilimwambia habari za kinyozi, za cherehani ninayoikanyaga bila kitambaa kama mwehu, za bibi harusi wa watu niliyemdunga pini. Nilimwambia mimi naishi hapa nimeziba masikio kama chizi ili yeye aje, halafu yeye huko amejikalia, amejitazamia, ameshiba! Agano gani hilo? Nikamwita msaliti. Nikamwambia mwalimu hakukosea kufunga lango, na wewe ungefungiwa nje.

Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Inspekta nikimfokea ananifokea mara mbili, ndivyo tulivyo, ndivyo tunavyopendana. Sasa alikuwa anaitikia tu kwa kichwa, ndiyo dada, ndiyo dada. Nikanyamaza. Mimi nakosea wauaji, lakini hili sikulikosea. Mtu aliyengoja muda wote huo hawezi kushindwa kungoja mwezi mmoja. Labda kama hakuna tena cha kungoja.

"Unarudi lini?" nikamuuliza.

Akaziba mdomo kwa mkono.

"Wameniongezea mkataba, dada," akasema baadaye. "Miaka mitatu. Nimeshatia saini. Kazi ni nzuri, wananipandisha, nitasimamia ghorofa nzima. Nimetafuta namna ya kukwambia, nikakosa." Akavuta pumzi. "Siku ile nilipotoka kutia saini nilirudi chumbani, nikataka kusikia ule muziki wa mwanzo tu. Nikasema dakika moja, nazima. Nilivyousikia ni kama nimefika nyumbani. Sikuweza kuzima. Nikawa nayatukana yale mazombi kwa sauti, peke yangu, mpaka jirani akagonga ukuta."

Nilitaka kumwambia rudi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, fupi tu. Na ningelisema angerudi, hilo nalijua kama ninavyojua kukata shingo ya gauni. Angerudi, angekaa kulia kwangu, angecheka panapochekesha. Na mimi ningekuwa namtazama kwa pembeni kila siku, nikijua ghorofa nzima ameiacha kwa sababu ya dada mtu anayeogopa sebule yake mwenyewe. Nilimtazama pale kwenye kioo cha simu. Amenenepa kidogo. Nyuma yake kuna pazia la kijani lisilolingana urefu, upande mmoja umeshuka, na sikuwa na namna ya kulifikia nilikunje.

"Hongera," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, nikairudia. "Hongera, mwanangu. Ghorofa nzima!"

Hapo akalia hasa, kwikwi za mtoto. Nikamwacha alie. Mimi nilikuwa nimeshika ile foronya, naibana tu magotini.

Alipotulia akasema, "Utautazama sasa, dada? Utazame, usinisubiri. Ni mzuri. Utawatukana mpaka utachoka."

"Peke yangu sitazami."

"Sasa?"

"Nisimulie."

"Nikusimulie? Wewe? Si utaharibikiwa na utamu wote!"

"Inspekta, una zamu leo?"

"Sina. Ni mapumziko."

"Basi nisimulie. Sehemu ya kwanza, mwanzo kabisa, pale tulipoachia, lango likiwa bado limefungwa. Nani anakufa?"

"Wengi, dada."

"Niambie wote, mmoja mmoja. Na usiruke."

Akapangusa pua kwa mkono wa fulana, akapandisha miguu kitandani, akaanza. Mwanzoni alisimulia kama anayesoma taarifa, lakini mama mwenye shoka alipotokea alichangamka, akaanza kuigiza, akanikoromea kama zombi mpaka nikacheka bila kupenda. Alikuwa anakwenda mbio lakini. Sehemu ya kwanza aliimaliza upesi mno, ya pili akaianza bila hata kupumua. Nikawa namkatiza. Nilimuuliza kama mvua ilikuwa inanyesha au jua linawaka, nani alitangulia kuvuka daraja, mbwa alikuwa wapi, yule mtoto alikuwa anakula nini. Maswali ya kipuuzi kabisa, na yeye alijua, akawa anayajibu yote taratibu, ili tusifike mwisho.