Mashine ya Kunawisha Washenga

Basi siku hiyo Mzee Mbwana wa Mbagala alikuwa kaahidi jambo moja tu, na lenyewe dogo. Alimwahidi binti yake Chausiku kwamba uani patakuwa peupe kabla washenga hawajafika.

"Baba, nakuomba," Chausiku alimwambia asubuhi, mkono kiunoni. "Hayo makorokoro ya watoto yaondoke. Washenga unawajua. Wale wa kwanza walinuna kisa mkeka."

Kweli walinuna. Miaka mitatu nyuma walikuja watu wa Kunduchi kuleta posa, wakakalishwa mkekani, wakachungulia wakaona viti viko ndani, wakaondoka na barua yao mfukoni. Hawakurudi. Sasa kajitokeza fundi cherehani wa Kigamboni, na huyu Chausiku anampenda, siyo siri, hata kuku wa jirani wanajua.

"Yataondoka, mama," akasema mzee.

Makorokoro yenyewe sasa, ilikuwa mashine. Wajukuu zake wawili, Raudha wa miaka kumi na mdogo wake Anwar, walikuwa wamekuja likizo kutoka Madale. Kazi ya Raudha kwa babu ni kunawisha wageni kabla ya kula: birika mkono huu, bakuli mkono ule, unazunguka mpaka mgongo unauma. Mtoto kachoka, akasema, babu, tuunde kitu kinawishe chenyewe. Mgeni akisukuma geti, uzi uchomoe kijiti. Kijiti kikitoka, gololi iteremke kwenye bomba lililopasuliwa, igonge ndimu. Ndimu ishuke ngazi ya kandambili, iangushe dhumna zilizosimama mstari. Dhumna ya mwisho isukume kopo la mchanga lililokaa ukingoni mwa kigoda. Kopo likidondoka livute kamba, kamba inyanyue kitako cha birika, maji hayooo.

Mzee Mbwana kasukuma mkokoteni miaka thelathini na moja, Tandika mpaka Kariakoo. Maishani mwake hajapata kuona kitu kinakwenda bila mtu kukisukuma jasho likimtoka. Alipoelezwa mara ya kwanza alicheka. Alipoiona gololi inaifuata ndimu peke yake, inaigonga, hakucheka tena. Akakaa chini mchangani, mdomo wazi kama kinda la kunguru.

Tatizo ndimu. Inafika kandambili ya pili, inasimama. Toka asubuhi wamejaribu mara kumi na moja, na zote kumi na moja imesimama palepale.

"Tubomoe, babu?" Raudha akauliza adhuhuri ilipopita. "Shangazi atatuua."

"Wamesema saa ngapi hao?"

"Saa nane."

"Saa nane ya washenga ni saa kumi, mjukuu wangu. Mie nishaozesha mabinti wanne, sijaona mshenga aliyewahi. Hebu jaribu tena. Moja tu ya mwisho."

Hapo ndipo mzee alipokosea. Raudha ndio kwanza kasimamisha dhumna ya mwisho, anashusha pumzi, mara getini:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Na mtu wa pwani ukimpigia hodi, kinywa kinajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

"Karibuni!" akasema Mzee Mbwana. Kisha akajishika mdomo. "Ngoja! Msi..."

Geti likafunguka.

Akaingia Mzee Fakihi, mshenga mkuu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, mikononi sinia lenye barua chini ya kitambaa cheupe. Nyuma yake mwenzake, Marijani. Mzee Fakihi ndio anafungua kinywa atoe salamu, Raudha akapiga kelele:

"Usisogee!"

Hakuna shikamoo, hakuna nini. Dirishani Chausiku akauma ncha ya kanga.

Lakini uzi ulishavutika. Gololi ikateremka bombani, krrrrr, ikagonga ndimu. Ndimu ikashuka kandambili ya kwanza. Ikashuka ya pili. Ikasimama.

Mzee Mbwana akaiona aibu inakuja, akayaona yale ya watu wa Kunduchi yanajirudia. Mkono wake ukajinyoosha wenyewe, uisukume kidogo tu, nani atajua?

"Babu, usiguse!" Anwar akasema, kilio kiko karibu. "Ukigusa siyo yenyewe!"

Mkono ukabaki hewani.

"Mbona haiendi?"

Alikuwa Mzee Fakihi. Ananong'ona kama yuko msikitini. Kashachuchumaa, kanzu yote mchangani, sinia magotini.

"Inajifikiria," Raudha akamjibu.

Ikajifikiria kweli. Ndimu si gololi, ina kichwa, ina ubavu. Ilikaa imeegemea ubavu wake, halafu, bila upepo, bila mkono wa mtu, ikajigeuza taratibu kama mtu anayegeuka usingizini. Ikaangukia ya tatu. Ya nne. Ya tano.

"Subhanallah," akasema Mzee Fakihi.

Dhumna zikainama moja baada ya nyingine kama safu ya watu wanaorukuu. Mzee Mbwana miaka yote amezibamiza dhumna hizo mezani barazani, hakujua zina adabu namna ile. Kopo likayumba, likadondoka. Kamba ikakaza. Na birika, birika lililojaa, likanyanyua kitako lenyewe, maji yakatoka.

Mzee akageuka, akaitazama gololi. Kile kigololi kisichojaza hata kiganja, ndicho kilichomwaga maji yale?

"Mikono!" Raudha anapiga kelele. "Leteni mikono, maji yanaisha!"

Mzee Fakihi akatazama huku, akatazama kule, akamsukumia Mzee Mbwana sinia kifuani, akakinga mikono yote miwili. Akanawa, akaipindua, akanawa tena, anacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Marijani ndiye aliyegundua.

"Mzee Fakihi," akasema polepole. "Barua iko wapi?"

Barua iko kwa baba wa binti. Bila hotuba, bila mafumbo, bila yale maneno ya tumeona ua bustanini kwenu. Mzee Mbwana akaliangalia sinia kama limemuota mikononi.

"Aa, lete nikukabidhi upya," akasema Mzee Fakihi, mikono inachuruzika. "Mie nina hotuba yangu, wiki nzima naipanga!"

"Ishapokelewa hiyo!" Sauti ikatoka dirishani. "Baba, usirudishe!"

Halafu kikafuata kigelegele, kirefu, kikali. Mwali kujipigia kigelegele mwenyewe, hilo Mbagala hatujapata kulisikia. Marijani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Imepokelewa," akasema Mzee Mbwana. Machozi yalikuwa yanamlenga, na mpaka leo ukimuuliza hajui yalikuwa ya posa au ya yale maji.